Kivuko Hakingoji, na Tapeli Analijua Hilo

Katika Kata ya Kisorya, Wilaya ya Bunda, ambako barabara itokayo Bunda mjini hukomea ziwani na kivuko cha kwenda Rugezi huunganisha bara na Kisiwa cha Ukerewe, kompyuta inayotumiwa na familia nyingi si ya mezani wala ya kupakata, bali ni simu ya mkononi, ambayo kwa wakati mmoja ni benki, posta, albamu ya picha na, kwa mfanyabiashara wa dagaa, daftari la madeni. Kwa hiyo usalama wa mtandaoni, yaani jumla ya tahadhari zinazomlinda mtumiaji dhidi ya wizi wa fedha, taarifa na utambulisho wake, si suala la wataalamu wa mijini peke yao, bali humgusa mvuvi, mama lishe, mwalimu na wakala wa huduma za fedha.

Kabla ya huduma za kutuma pesa kwa simu kuanza kuenea nchini mwaka 2008, mnunuzi wa dagaa alilazimika kusafiri na noti mfukoni, na aliyetaka kumwibia alilazimika kumfikia. Leo mwizi hana haja ya kufika mwaloni, yaani ufukweni mitumbwi inapotua na dagaa kuuzwa, ila anamhitaji mwenye mali aikabidhi mali yenyewe kwa vidole vyake, na ndiyo maana mbinu nyingi za utapeli hazidai ujuzi mkubwa wa mitambo, bali hutegemea haraka ya anayetapeliwa. Mwaloni haraka haikosekani, kwa kuwa dagaa walioanikwa hawasubiri mvua ipite na kivuko hakingoji abiria anayehesabu salio.

Mbinu ya kwanza ni ujumbe bandia wa muamala, yaani meseji iliyoandikwa kwa kuiga ile inayotumwa na mtandao wa simu fedha zinapoingia. Mnunuzi hudai kwamba amekwisha kulipa, simu ya muuzaji hulia, kiasi na namba ya muamala huonekana, na kwa kuwa magunia yako tayari kupakiwa, muuzaji huyaachia bila kufungua akaunti yake. Kwa kawaida meseji ya kweli huja kwa jina la huduma, si kutoka namba ya mtu binafsi, lakini hata jina linaweza kuigwa. Kwa hiyo kipimo kisichodanganya ni salio lenyewe, ambalo muuzaji hulitazama kwa kupiga menyu ya mtandao wake kabla gunia halijainuliwa. Mfanyabiashara asiyekubali dagaa wake wapimwe kwa macho ya mnunuzi hana sababu ya kukubali malipo yapimwe kwa maneno ya mnunuzi huyohuyo.

Mbinu ya pili ni ujumbe unaofahamika karibu na kila mwenye simu Tanzania, unaomtaka mpokeaji atume “ile hela” kwenye namba fulani na kumwarifu mapema jina litakalotokea. Nguvu yake yote imo katika neno “ile”, ambalo katika Kiswahili hurejelea kitu ambacho wasemaji wote wawili wanakifahamu; tapeli hajui deni lolote, lakini akiutuma ujumbe huo kwa watu wengi, hatakosa mmoja ambaye asubuhi hiyo aliahidi kulipa kodi, nauli au ada ya shule. Sehemu ya pili ya ujumbe ni ya hila zaidi, kwa sababu jina linaloonekana kabla ya kuthibitisha malipo ndilo kinga iliyowekwa na mfumo, na tapeli, kwa kulitaja mapema, huigeuza kinga hiyo kuwa ushahidi wa uongo wake. Jibu lake ni kumpigia mdai kwa namba iliyokuwapo simuni tangu zamani, kisha kusikia sauti yake.

Namba ya siri nayo huhitaji fikra. Namba ya tarakimu nne ina michanganyiko 10,000, lakini anayetumia mwaka wake wa kuzaliwa huipunguza hadi isiyofika hata 100, na mwaka huo haufichiki, kwani namba ya kitambulisho cha taifa (NIDA) yenye tarakimu 20 huanza na tarehe ya kuzaliwa: mwaka, mwezi na siku. Mtu aliyeacha nakala ya kitambulisho dukani na simu yake kwenye kibanda cha kuchajisha ameacha kufuli na ufunguo sehemu mbili zisizo mbali. Kwa kuwa tangu Januari 2020 laini zisizosajiliwa kwa alama za vidole zilianza kufungiwa, na hivyo laini hufungamana na kitambulisho cha mtu, ni muhimu pia kila mtu apige *106# ili aone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake, maana laini asiyoijua inaweza kutumika kutapeli watu kwa jina lake.

Kwa upande wa WhatsApp, akaunti hufunguliwa kwenye simu mpya kwa tarakimu sita zinazotumwa kwa meseji, na anayeziomba kwa kisingizio kwamba zimetumwa kwa makosa anaomba akaunti nzima, ambayo ataitumia kukopa pesa kwa ndugu na marafiki wa mwenye akaunti. Kinga yake ni uhakiki wa hatua mbili, yaani namba ya siri ya ziada ambayo mwenye akaunti huipanga katika mipangilio ya programu hiyo. Viungo vya matangazo ya ajira navyo husomwa kwa kuangalia mwisho wa jina la tovuti: tovuti za serikali ya Tanzania huishia na .go.tz, ilhali jina lenye maneno hayohayo lakini linaloishia na .com si la serikali, hata likipambwa kwa nembo ya taifa.

Tahadhari kama hiyo inahitajika kwa programu za mikopo, ambazo baadhi yake huomba ruhusa ya kusoma majina yote yaliyomo simuni, kisha huwatumia watu hao meseji za kumfedhehesha mkopaji anayechelewa. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha bila leseni.

Walio na kompyuta, hususan shuleni na katika vibanda vya kuingiza nyimbo na filamu, hukabiliwa zaidi na virusi, yaani programu zinazojinakili na kuharibu au kuficha mafaili, ambazo husafiri kwa flashi na kadi za kumbukumbu. Flashi ngeni huchunguzwa kwa programu ya kuzuia virusi kabla ya kufunguliwa, na masasisho, yaani marekebisho yanayoziba nyufa za mfumo, hayaahirishwi. Shambulio la WannaCry la Mei 2017, lililotikisa hadi hospitali za Uingereza, lilipita katika ufa ambao kiraka chake kilikwisha kutolewa miezi miwili kabla. Zaidi ya hayo, nakala ya pili ya matokeo ya wanafunzi au hesabu za duka, ikihifadhiwa nje ya kompyuta hiyo, humwokoa mwenyewe siku umeme unapokatika ghafla na diski kuharibika.

Aliyekwisha kutapeliwa anatakiwa kupiga huduma kwa wateja ya mtandao wake papo hapo, kwa kuwa fedha zinaweza kuzuiwa tu kabla hazijatolewa, kisha kutuma namba ya tapeli kwenda 15040, namba ya kuripotia utapeli, na kuripoti polisi, ambao Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 huwapa msingi wa kushtaki udanganyifu huo. Wengi hawafanyi hivyo kwa kuona aibu, na ukimya wao huiacha namba ileile iendelee kufanya kazi hadi kwa jirani. Kwa hiyo familia ya Kisorya inayotaka kujilinda inaweza kuanza na kanuni mbili zisizodai bando: pesa haitoki kabla sauti ya mdai haijasikika, na aliyeibiwa hutangaza siku hiyohiyo, nyumbani na mwaloni, hata kama kivuko kitamwacha.