Stata Kigeugeu: Tuikamate kwa Ushahidi

Ndugu askari, hapana shaka wengi wenu mmewahi kukutwa na mkasa huu. Asubuhi, kambini, pikipiki huwaka kwa mguso mmoja wa kidole. Usiku, penye kizuizi cha barabarani, kidole kile kile hubonyeza swichi ile ile, kikasikika kishindo kidogo tu, "ta", kisha kimya. Baada ya muda chombo huwaka tena kana kwamba hakikuwa na neno.

Katika kikosi chetu hitilafu ya namna hiyo nusura imponze koplo mmoja, tarishi wetu. Mara mbili alichelewa kufikisha barua za kazi, na mara zote mbili pikipiki ilipoletwa karakana iliwaka bila taabu. Ikanenwa kwamba koplo ni mvivu wa safari. Ikafungwa stata mpya. Juma lile lile ikagoma tena. Hapo ndipo sajini wa karakana, mtu mzima asiyependa maneno mengi, alipoomba apewe siku moja kabla ya koplo kushtakiwa.

Sajini hakuanza kwa spana. Alimwagiza koplo aiendeshe pikipiki mpaka injini ipate moto barabara, ndipo airudishe. Hitilafu ya vipindi ni kama mwizi: haina budi kukamatwa ikiwa kazini. Pikipiki ikazimwa, ikawekwa gia huru, swichi ikabonyezwa. "Ta", kimya. Ndipo uchunguzi ukaanza.

Kwanza aliitazama taa ya nyuma wakati swichi inabonyezwa, kwa sababu pikipiki nyingine huzima taa ya mbele zenyewe wakati wa kuwasha. Taa ikififia sana, betri ni dhaifu au stata imekwama na kunyonya umeme mwingi. Taa isipofifia wala pasisikike lolote, umeme hauifikii rilei; tutazame fyuzi, swichi ya usukani, na swichi za usalama za klachi, gia huru na stendi ya pembeni. Lakini rilei ikilia "ta" na taa isififie, basi umeme umezuiliwa ndani ya rilei, katika nyaya nene, au ndani ya stata. Pikipiki ya koplo ilikuwa katika fungu hili la mwisho.

Pili aliipima betri. Betri ya volti 12 iliyojaa na kupumzika huonyesha volti 12.6 hivi, na stata inapozungusha injini haifai kushuka chini ya volti 10 hivi. Udhaifu wa betri ni ugonjwa wa kale: pikipiki Hendee Special ya kampuni ya Indian ya Marekani, iliyotoka mwaka 1914 ikiwa na stata ya umeme, iliangushwa na betri za wakati ule. Betri ya koplo ilikuwa nzima.

Tatu, aliweka ncha moja ya mita kwenye kichwa hasi cha betri na nyingine kwenye chuma kitupu cha injini, kisha akabonyeza swichi. Njia safi huonyesha karibu na sifuri. Ikizidi nusu volti, pana kizuizi. Mita ilionyesha karibu volti zote za betri. Mwizi amekamatwa.

Bolti inayofunga waya wa hasi kwenye injini ilikuwa imelegea, na chini yake mlikuwa na kutu na rangi. Chuma kilipopata moto, mgusano ulipotea, kilipopoa, ulirudi. Sajini aliufungua waya kwenye betri kwanza, akakwangua kwa msasa hadi chuma kikang'aa, akakaza bolti na kupaka grisi kuzuia maji. Koplo hakushtakiwa, wala stata ya kwanza haikuwa na kosa.

Ikiwa nyaya na rilei ni safi, ndipo tuifungue stata. Tutie alama kwenye vifuniko vyake na tukariri mpangilio wa washa zake, ili kila kitu kirudi mahali pake. Ndani tutazame brashi za kaboni: huenda zimelika kupita kipimo cha kitabu cha chombo, au zimekwama kwa vumbi, au springi zake zimechoka. Stata inayoamka ikigongwa kidogo mara nyingi huumwa hapo. Lakini isipigwe kwa nguvu, kwani baadhi zina sumaku za ndani zinazoweza kupasuka. Safu ya shaba inayosuguliwa na brashi isafishwe kwa msasa laini, na mifereji yake iondolewe vumbi.

Tena, tusishikilie swichi zaidi ya sekunde 5 kwa mfululizo; stata ipewe nafasi ya kupoa.

Ndugu zetu wa doria hutegemea chombo kiwake pale wanapokihitaji. Hivyo dereva aandike daftarini kila mgomo: saa, joto la injini, mvua, na sauti iliyosikika. Maelezo hayo ndiyo ushahidi wa fundi. Na sisi viongozi tusikilize ripoti hizo kabla ya kumtia mtu hatiani. Koplo wetu alisema kweli tangu siku ya kwanza; hakupimwa yeye wala pikipiki yake.