Kanyabayonga: mwenye ugonjwa wa figo atafune nini kabla ya chakula cha jioni?

Mjini Kanyabayonga, wilayani Lubero katika jimbo la Kivu Kaskazini, mtu akisikia njaa mchana hakosi cha kutafuna: ndizi mbivu, avoka, karanga, viazi. Kwa mwenye afya, hivyo ni vyakula vizuri. Lakini kwa mtu ambaye figo zake zimechoka, hivyo hivyo vinaweza kumletea hatari.

Kazi ya figo ni kusafisha damu na kutoa mkojoni kile kinachozidi mwilini, ikiwemo potasiamu. Figo zikishindwa, potasiamu hubaki katika damu. Ikipanda sana, mapigo ya moyo huvurugika, na moyo unaweza hata kusimama. Mara nyingi mgonjwa hasikii dalili yoyote mapema.

Gramu 100 za avoka zina karibu miligramu 485 za potasiamu, na za ndizi mbivu karibu 360. Gramu 100 za nanasi zina karibu 110 tu. Kwa hiyo kipande kidogo cha nanasi au cha mkate mweupe kinamfaa zaidi mgonjwa ambaye potasiamu yake imepanda. Kipimo nacho ni muhimu: nanasi zima si kipande.

Karanga zenye chumvi zina mizigo mitatu kwa pamoja: chumvi, potasiamu na fosforasi. Soda nyeusi za kola nazo huongezwa fosforasi kiwandani. Kuhusu chumvi, Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikishe gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja kidogo. Makayabo na kube za kuungia mboga huvuka kipimo hicho upesi.

Kiazi hakikatazwi kabisa. Kimenye, kikate vipande vidogo, kichemshe katika maji mengi, kisha mwaga maji hayo. Sehemu ya potasiamu huondoka nayo. Kukichoma na ganda lake hakuipunguzi hivyo.

Tatizo ni kwamba si kila mgonjwa anajichagulia chakula. M23 walipouteka mji huu mwishoni mwa Juni 2024, watu wengi walikimbia kuelekea Lubero na Butembo. Aliyekimbia hula anachopewa na jamaa aliyempokea, na mwenyeji mwema huanza kwa kumpa mgeni ndizi na avoka. Ndiyo maana mgonjwa asione haya kuwaeleza wenyeji wake hali yake.

Hata hivyo, mtu asijikataze vyakula kwa kusikia tu. Si wagonjwa wote wa figo wana potasiamu nyingi, na kujinyima bila sababu hudhoofisha mwili. Kipimo cha damu ndicho kinachoamua. Mwenye kisukari au shinikizo la damu, magonjwa mawili yanayoharibu figo zaidi, amuulize muganga swali moja: potasiamu yangu iko wapi leo?