Fahamu: Kwa nini miji hujengwa kuzunguka stesheni za treni

Ni nini?
Ni upangaji wa mji unaosogeza ghorofa za makazi, maduka na shule karibu na stesheni, ili watu watembee kwa miguu hadi kwenye treni.

Imefanyika wapi?
Tokyo, kampuni za reli zilijenga makazi kandokando ya njia zao. Dar es Salaam ilianza treni ya mjini mwaka 2012, lakini ilipita kwenye mitaa iliyokwisha kujengwa.

Wilaya za Mbinga na Nyasa, mkoani Ruvuma, zinahusikaje?
Bado hazina reli. Ila Serikali ina mpango wa reli ya takribani kilomita 1,000 kutoka Mtwara hadi Mbamba Bay wilayani Nyasa, yenye matawi ya kwenda kwenye makaa ya mawe ya Mchuchuma na chuma cha Liganga.

Faida ni ipi?
Umatengo, yaani nyanda za juu za Mbinga, ni milima ya kahawa na ngoro (kilimo cha mashimo cha Wamatengo), hivyo ardhi ya kilimo inahitaji kulindwa. Mji uliokusanyika hula mashamba machache kuliko uliotawanyika.

Hofu ni ipi?
Bei za viwanja hupanda na wenye kipato kidogo husukumwa pembeni. Ndiyo maana viwanja, barabara na maji hupaswa kupangwa kabla ya reli kufika.