Injini Inapogonga: Kuutambua Mlio Kabla ya Kufungua Vyuma

Mlio wa kugonga katika injini ya gari, ambao mafundi wa gereji huueleza kwa kusema kwamba injini imenoki, hutokana na vyanzo viwili visivyofanana hata kidogo: ama petroli inawaka vibaya ndani ya silinda, ama vyuma vilivyolegea kwa kulika vinagongana. Chanzo cha kwanza mara nyingi hutibiwa bila kufungua injini, ilhali cha pili kinaweza kuiua injini nzima katika safari moja, na kwa hiyo mwenye gari anayekimbilia dukani kununua vipuri kabla ya kujua kipi kinamkabili huenda akatupa fedha zake bure. Utambuzi huo unaweza kufanyika nyumbani, mradi anayesikiliza ajiulize kwanza mlio unatokea wakati gani, kisha ndipo atafute unatokea wapi.

Katika injini ya petroli, plagi hutoa cheche pistoni inapokaribia kilele cha mwendo wake, na moto husambaa kutoka kwenye plagi kuelekea kuta za silinda. Sehemu ya mchanganyiko wa hewa na petroli ambayo moto haujaifikia ikizidiwa na joto na mgandamizo, hujiwakia yenyewe kwa ghafla, na mawimbi ya shinikizo yanayozaliwa hapo hutoa mlio mkali kama wa kokoto zinazotikiswa ndani ya kopo. Mlio wa aina hii husikika gari linapopanda mlima au linapokanyagwa mafuta likiwa katika gia kubwa, na hutoweka mara dereva anapoondoa mguu kwenye pedali.

Uwezo wa petroli kuhimili mgandamizo bila kujiwakia hupimwa kwa namba ya okteni, na kwa miongo mingi uliongezwa kwa kutia risasi, njia iliyogunduliwa mwaka 1921 na Thomas Midgley katika maabara ya General Motors huko Dayton, Marekani. Risasi hiyo ilidhuru afya za watu, hasa akili za watoto, hata ikapigwa marufuku nchi baada ya nchi, na mwaka 2021 Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, lenye makao yake Nairobi, lilitangaza kwamba Algeria, nchi ya mwisho kuuza petroli ya magari yenye risasi, ilikuwa imeacha. Afrika Mashariki imekuwa na tatizo lake jingine, yaani petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa, ambayo okteni yake ni ndogo mno. Kwa sababu hiyo Tanzania ilianza kuweka vinasaba, yaani alama za kemikali za kutambulisha mafuta halali, katika mafuta mwaka 2010, na Kenya ikaweka tozo maalumu juu ya mafuta ya taa mwaka 2018 ili uchakachuaji usiwe na faida. Gari lililoanza kugonga mara tu baada ya kujazwa mafuta lishukiwe upande huo kwanza. Mafuta yakiwa safi na mlio ukaendelea, zikaguliwe plagi, majira ya cheche ambayo mafundi huyaita taimingi, na mfumo wa kupoza injini, kwa kuwa joto likizidi hata petroli nzuri hujiwakia.

Mlio wa vyuma huchunguzwa kwa kuanzia kwenye kijiti cha kupimia oili, kwa sababu oili ikipungua vyuma hukosa utando unaovitenganisha. Kisha bisibisi ndefu huwekwa ncha yake kwenye injini inayonguruma na mpini wake karibu na sikio, mbali na feni na mikanda, ili kufuata mlio hadi unaposikika kwa nguvu zaidi. Mlio mwepesi wa juu ya injini kwa kawaida ni wa tapeti, na nafasi zake zikirekebishwa huisha. Mlio wa pistoni iliyolegea ndani ya silinda husikika injini ikiwa baridi na hupungua ikipata joto, na gari la namna hiyo linaweza kuendelea kutumika kwa muda mrefu.

Unaopaswa kuogopwa ni mlio mzito wa chini, unaozidi injini ikipata moto na oili ikawa nyepesi. Huo mara nyingi ni wa beringi za konrodi, yaani vipande viwili vya nusu duara vinavyoshika ncha ya chini ya mkono unaounganisha pistoni na krenki. Ili kuuthibitisha, silinda moja moja huzimwa kwa muda mfupi kwa kuchomoa soketi ya nozeli yake, na pale mlio unapofifia ndipo penye beringi iliyolika. Kutia oili nzito ili mlio upungue, hila inayotumiwa na baadhi ya wauza magari yaliyotumika, hakurudishi chuma kilichokwisha kulika, na ni kumdanganya mnunuzi. Gari la namna hiyo lisiendeshwe tena, hata hadi gereji; livutwe.

Mwenye stadi na vifaa anaweza kufungua sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini, gari likiwa limekaa juu ya stendi imara wala si jeki peke yake. Beringi nzima huwa na uso wa kijivu. Uso huo ukilika, tabaka la shaba hujitokeza. Kabla ya kufunga beringi mpya, uzi laini wa plastiki hulazwa juu ya shingo ya krenki, kifuniko hukazwa kwa nguvu iliyoandikwa katika kitabu cha injini bila kuzungusha krenki, kisha hufunguliwa tena na upana wa uzi uliobonyezwa hulinganishwa na mistari iliyochapwa kwenye pakiti yake. Nafasi inayotakiwa kwa magari mengi madogo ni kati ya milimita 0.02 na 0.06, nyembamba kuliko unywele wa watu wengi. Krenki ikiwa na mikwaruzo inayoshika ukucha, kazi ya nyumbani inaishia hapo: ipelekwe kwa mchongaji, ambaye huipunguza kwa milimita 0.25 au 0.50, na beringi nene za kipimo hicho zinunuliwe baada ya krenki kuchongwa, si kabla.