Huruma Iko Kwenye Rosta

Tarehe 6 Mei 2020, katikati ya Ramadhani, Waziri wa Afya Mutahi Kagwe alitangaza kwamba kuanzia saa moja usiku hakuna kuingia wala kutoka Mji wa Kale wa Mombasa. Vichochoro vinavyoanzia ubavuni mwa Ngome ya Yesu vikafungwa. Korona ilikuwa imeshika mtaa, na watu walikuwa wakikwepa kupimwa; wapo walioogopa karantini kuliko ugonjwa wenyewe. Amri ilikuwa ya siku kumi na tano, ikaongezwa, Idi ya Fitri ikapita humo humo, hadi mwanzoni mwa Juni. Kaunti nzima ya Mombasa nayo ilikuwa imefungwa tangu 8 Aprili.

Siku sita baada ya tangazo hilo, 12 Mei, dunia iliadhimisha Siku ya Wauguzi, miaka 200 kamili tangu azaliwe Florence Nightingale. Shirika la Afya Duniani lilikuwa limeutangaza mwaka wote ule kuwa wa wauguzi na wakunga. Pongezi zilimiminika, na wanasiasa hawakuwa nyuma. Mimi ninayefuatilia uongozi wa uuguzi nilikuwa nikifikiria karatasi moja tu: ile rosta inayobandikwa ukutani katika chumba cha wauguzi.

Zamu ya usiku katika hospitali zetu nyingi huingia jioni. Mwaka mzima jua la Mombasa huzama baada kidogo ya saa kumi na mbili, na mwezi ule kafyu ya nchi nzima ilianza saa moja. Kwa hiyo mambo matatu yaligongana ndani ya muda mfupi mno: kukabidhiana wagonjwa, kufuturu, na barabara kufungwa. Muuguzi alikuwa na ruhusa ya kupita wakati wa kafyu, sawa, lakini ruhusa haina magurudumu. Matatu na tuktuk zilikuwa zinakimbilia kwao, na aliyetoka kazini akiwa amechelewa kwa dakika ishirini alijikuta kituoni peke yake, na polisi wakimtazama.

Hapo ndipo inchaji wa wodi anapopimwa. Yupo atakayepanga majina kama alivyopanga mwezi uliopita, kwa sababu rosta ni rosta. Yupo mwingine atakayeuliza kwanza: nani kati yetu anaishi Mji wa Kale? Nani ananyonyesha? Nani ana mzazi nyumbani mwenye sukari au presha, na anaogopa kumpelekea maradhi? Kisha asogeze makabidhiano kwa nusu saa, awaweke waliofunga na wasiofunga katika zamu moja ili mmoja afuturu mwenzake akiwa na wagonjwa, na awapange pamoja wanaoelekea upande mmoja ili watafute usafiri pamoja. Hakuna hata neno moja la upole lililotamkwa hapo. Huruma yote imo ndani ya mpangilio.

Nalisema hili kwa sababu mazungumzo juu ya uongozi wa huruma hospitalini yana tabia ya kuelea. Mwanasaikolojia Michael West wa Uingereza, aliyelifanyia kazi jambo hili miaka mingi katika huduma ya afya ya nchi yake, anataja vitendo vinne: kiongozi amkabili mtu na kumsikiliza kwa makini, aelewe kinachomsibu, aguswe nacho, kisha amsaidie. Vitatu vya kwanza havina gharama kubwa, ndiyo maana viongozi wengi huishia hapo. Anakusikiliza, anatikisa kichwa, anakuambia pole sista, nawe unarudi kwenye zamu ile ile yenye wagonjwa wale wale. Cha nne kinadai saa, fedha, mtu wa ziada au ugomvi na wakubwa, na mimi humpima kiongozi kwa hicho. Huruma isiyobadilisha chochote katika siku ya muuguzi ni adabu njema tu. Adabu njema si kitu kibaya, ila isiitwe uongozi.

Pwani, kwa bahati, desturi ya kuhurumiana kwa rosta ni ya zamani kuliko vitabu vinavyoizungumzia. Krismasi wauguzi Waislamu hubeba zamu, Idi hubeba Wakristo, na deni hilo hulipwa bila kuandikiana. Inchaji mwenye busara huilinda desturi hiyo na kuipa nafasi rasmi. Asiye na busara huivuruga kwa kutaka usawa wa kwenye karatasi, kila mtu Idi moja na Krismasi moja, kisha anashangaa kwa nini maombi ya ruhusa ya ugonjwa yamefurika mezani kwake mwezi wa Desemba.

Kuna jambo la pili ambalo huruma hulifanya wodini, na hili watu wa nje hawalioni: huyatoa makosa hadharani. Miaka ya 1990 mtafiti wa Marekani, Amy Edmondson, alichunguza wodi nane katika hospitali mbili, akitarajia kwamba wodi zenye uongozi mzuri zitakuwa na makosa machache ya dawa. Akakuta kinyume chake. Wodi zenye viongozi wa wauguzi waliosifiwa na watu wao ndizo zilizokuwa na makosa mengi yaliyoripotiwa. Alipochimba zaidi, akapata maelezo: makosa hayakuwa lazima yawe mengi zaidi, bali wauguzi wa hapo hawakuogopa kuyataja. Kwingineko sindano ilikosewa, midomo ikafungwa.

Sisi tuna kisa chetu. Mwaka 2018, katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta jijini Nairobi, mgonjwa alifunguliwa fuvu la kichwa kwa upasuaji uliokuwa wa mgonjwa mwingine, baada ya utambulisho wao kuchanganywa. Daktari wa upasuaji, mtaalamu wa nusukaputi na wauguzi wawili walisimamishwa kazi. Nchi ilitaka kujua majina ya waliokosea, nami naelewa hasira ile. Lakini swali la inchaji mwenye huruma lingekuwa jingine, tena gumu zaidi: kabla ya siku ile, ni mara ngapi vibandiko vya majina vilikaribia kuchanganywa katika wodi yoyote ya nchi hii, muuguzi akagundua dakika ya mwisho, akavirekebisha, akanyamaza? Wodi inayoadhibu kila kosa kwa barua ya kujieleza haitayasikia hayo yaliyokaribia kutokea. Itasikia lile lililokwisha kutokea.

Isidhaniwe basi kwamba inchaji wa aina hii ni mtu laini. Muuguzi anayemwachia mgonjwa dripu iishe usiku kucha kwa sababu alikuwa kwenye simu hahitaji kubembelezwa, na wenzake wanaomfunika zamu baada ya zamu ndio wanaoumia. Kumwacha vile vile kwa jina la upole ni kuwaonea wao. Tofauti ni kwamba kiongozi mwenye huruma humwita kando, si mbele ya wagonjwa wala wanafunzi, na huuliza kabla ya kuhukumu. Mara nyingine jibu ni uvivu. Mara nyingine ni kwamba huyo mtu amefanya usiku hapa na mchana katika zahanati ya binafsi kwa sababu mshahara umechelewa, na hajalala.

Ambapo huruma hufika ukingoni ni kwenye hesabu ya watu. Utafiti mkubwa ulioongozwa na Linda Aiken na kuchapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2014 ulichukua hospitali 300 katika nchi tisa za Ulaya. Uligundua kwamba kila mgonjwa mmoja anayeongezwa kwenye mzigo wa muuguzi huenda pamoja na ongezeko la asilimia 7 katika uwezekano wa mgonjwa wa upasuaji kufariki ndani ya siku 30. Hapa Kenya, watafiti wa mpango wa KEMRI na Wellcome, wenye makao yao Kilifi, walikaa katika wodi za watoto wachanga Nairobi wakiandika kila kazi ya uuguzi iliyofanywa na iliyoachwa. Kazi ziliachwa, na ziliachwa zaidi pale muuguzi mmoja alipokuwa na watoto wengi. Waliona pia namna wauguzi wanavyojihami: wanaifanya kazi kuwa mazoea makavu, baadhi ya majukumu wanawakabidhi akina mama wenyewe, macho hawayainui. Mgonjwa huiita hali hiyo roho mbaya. Mara nyingi ni ngozi ambayo mtu ameiotesha ili amalize zamu.

Ngozi hiyo ikizidi huwa ukatili. Mwaka 2018 Mahakama Kuu mjini Bungoma iliamua kesi ya mama aliyejifungua sakafuni hospitalini mwaka 2013, akafokewa na kupigwa na waliopaswa kumsaidia, na ikaamuru alipwe fidia ya shilingi milioni 2.5. Kilichonivutia katika hukumu ile ni kwamba mahakama haikuishia kwa wauguzi. Ilizikuta pia serikali, ya kitaifa na ya kaunti, zimeshindwa wajibu wao wa kuiwezesha na kuisimamia huduma. Mwanamke aliyepigwa ana haki yake yote, na aliyempiga hana kisingizio. Ila wodi ile ilikuwa na wakubwa wake, na wakubwa hao walikuwa na bajeti yao.

Tangu afya ikabidhiwe kaunti mwaka 2013, inchaji amekaa mahali pabaya zaidi. Mwajiri yuko karibu, lakini pesa hutoka mbali. Mwaka 2017 wauguzi wa umma waligoma kuanzia Juni hadi mwanzoni mwa Novemba, na Desemba 2020 wakagoma tena, safari hii wakidai, pamoja na mengine, vifaa vya kujikinga na korona na bima ya afya. Wakati wa mgomo inchaji huwa upande upi? Kwa cheo ni mwakilishi wa utawala. Kwa taaluma ni mwenzao, na madai yao ni yake. Kwa dhamira anamtazama mgonjwa wa kitanda cha sita asiye na pa kupelekwa. Sijawahi kusoma kitabu cha uongozi kinachoijibu hali hiyo vizuri, na vile vinavyodai kuijibu vimeandikwa katika nchi zenye wauguzi wa akiba.

Na mtu huyu anapatikanaje? Ngome ya Yesu ilipozingirwa na Waomani tangu 1696 hadi 1698, maradhi yaliwamaliza waliokuwa ndani mpaka, kwa muda, uongozi ukamwangukia kijana wa Faza, Bwana Daud, kwa kuwa makamanda Wareno walikuwa wamekufa. Wodi zetu nyingi humpata inchaji kwa njia hiyo hiyo: ndiye aliyebaki. Wenzake wameenda Uingereza, Ghuba au hospitali za binafsi, yeye ana miaka mingi kuliko wote, basi apewe ufunguo wa kabati la dawa na kitabu cha rosta. Mafunzo ya usimamizi, yakija, humkuta ameshakuwa na tabia zake. Tena yanamfundisha manunuzi na taratibu za utumishi wa umma, ambayo ni mambo ya lazima, lakini si namna ya kumwambia muuguzi aliyepoteza watoto wawili wachanga katika zamu moja kwamba kesho asije.

Hilo la mwisho ndilo ningependa kaunti zianze nalo, kwa sababu halihitaji jengo wala mashine. Inchaji apewe mamlaka ya kumpumzisha mtu kwa siku moja bila kuomba saini tatu, na apewe fungu dogo la kumwita muuguzi wa kibarua azibe pengo hilo. Leo, katika hospitali nyingi, akimruhusu mmoja aende nyumbani, mzigo wake unawaangukia waliobaki, na huruma kwa mmoja inakuwa adhabu kwa wanne. Wengi basi hujifunza kutouliza. Wanapita asubuhi na faili mkononi, wanaona macho mekundu, wanageukia kitanda kinachofuata.