Nauli ya Shanwe ijulikane kabla ya kupanda

Mgeni akishuka stendi ya mabasi mjini Mpanda, mkoani Katavi, akitaka kwenda kata ya Shanwe, usafiri ataupata kabla hata hajashusha begi begani. Bodaboda watamzunguka, bajaji nazo zitampigia honi. Asichokipata ni bei. Hiyo itategemea ana mizigo kiasi gani, jua limezama au bado, na lafudhi yake ni ya wapi.

"Shanwe shilingi ngapi, mwanangu?"

"Buku mbili, mama."

"Mbona juzi nimepanda kwa buku?"

"Juzi hakukuwa na tope, mama yangu. Haya, lete buku jero, panda twende."

Mwenyeji anaweza kubishana hivyo mpaka akapunguziwa. Mgonjwa, mwanafunzi mgeni au mama mwenye mtoto mgongoni saa tatu usiku hana ubavu huo. Atalipa alichotajiwa.

Wanaorudi kutoka Ulaya hupenda kusimulia treni za chini ya ardhi. London ilianza kuzitumia mwaka 1863. Lakini kinachomwezesha mgeni kuzunguka jiji lile bila kupotea wala kulanguliwa si treni peke yake, ni nauli iliyopangwa na kutangazwa. Kwa safari za treni, jiji limegawanywa katika kanda: ya kwanza ipo katikati na nyingine zinaizunguka. Nauli hufuata kanda unazopita na saa unayosafiri, haifuati sura yako.

Kwenye mabasi ya London mambo ni mepesi zaidi. Fedha taslimu hazipokelewi tangu Julai 2014. Abiria hugusisha kadi au simu kwenye mashine akipanda, basi. Akibadilisha gari ndani ya saa moja, hakatwi tena. Na makato yake ya siku yakifika kiwango kilichowekwa, safari zinazofuata siku hiyo hazimgharimu kitu. Angalizo kwa kijana wa Katavi anayekwenda masomoni: kwenye treni gusisha kadi ukiingia na ukitoka. Ukisahau, utakatwa nauli ya juu kabisa.

Berlin wana utaratibu mwingine. Vituo vya treni havina mageti, unaweza kudhani safari ni ya bure. Siyo. Wakaguzi huweza kuingia wakiwa wamevaa nguo za kawaida, na asiye na tiketi halali hutozwa faini ya euro 60.

Hapa kwetu nauli elekezi si jambo geni. Desemba 2023, Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini (LATRA) ilipandisha nauli ya daladala kwa safari isiyozidi kilomita 10 kutoka shilingi 500 hadi 600. Abiria walinung'unika, lakini kila mmoja alijua anadaiwa ngapi. Bodaboda na bajaji zina kanuni zake tangu mwaka 2010, ila nauli imebaki mapatano ya dereva na abiria. Kwa mji kama Mpanda, ambako pikipiki ndiyo daladala ya wengi, mapatano hayo ndiyo mfumo mzima wa usafiri.

Madereva nao wana hoja. Mafuta hupanda, mvua huharibu njia za mitaani, na wengi wanadaiwa hesabu ya tajiri kila jioni, wapate abiria wasipate. Hoja hizo zinadai nauli ipangwe kwa haki. Hazidai ifichwe. Bei ya kiangazi na ya msimu wa mvua zinaweza kuandikwa zote, ya mchana na ya usiku vilevile.

Mpanda inaweza kuazima wazo la kanda bila kuchimba handaki hata moja. Katikati ya mji iwe kanda ya kwanza, kata zinazofuata ziwe ya pili, na za mbali kama Kakese na Mwamkulu ziwe na yake. Vyama vya bodaboda vikae na Manispaa, wakubaliane, kisha nauli iandikwe kwenye ubao katika kila kijiwe, pamoja na namba ya simu ya kupeleka malalamiko. Gharama yake ni mbao, rangi na vikao vichache.

Mpaka hilo lifanyike, abiria, patana kabla ya kupanda, dai kofia ngumu, na kataa kupakizwa mshikaki hata ukipunguziwa bei.