Namna Mwombaji wa Ajira za TEHAMA Singida Anavyoweza Kujipambanua

Wahitimu wa Teknolojia ya Habari na Mawasiliano (TEHAMA) kutoka Iramba, Mkalama hadi Manyoni mkoani Singida hushindania nafasi za Serikali na wenzao wa nchi nzima kupitia mfumo mmoja, Ajira Portal, wa Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma. Shahada pekee haimpambanui mwombaji, kwa kuwa wenzake nao wanayo.

Hatua ya kwanza ni nyaraka. Matangazo ya Sekretarieti huelekeza barua ya maombi isainiwe, na hati ya matokeo haipokelewi badala ya cheti. Wapo wenye sifa wanaoishia hapo.

Hatua ya pili ni usaili. Aliyewahi kuunda programu ya kutunza hesabu za ghala la alizeti, au kufunga mtandao wa kompyuta shuleni, ana kazi ya kueleza: tatizo lilikuwa nini na alilitatuaje. Ni vyema pia aifahamu Sheria ya Serikali Mtandao ya mwaka 2019 na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022.

Kujipambanua, hata hivyo, si kughushi. Anayewasilisha taarifa za uongo huchukuliwa hatua za kisheria.